Protini isiyonyamaza: kwa nini mgonjwa wa CML aendelee na kidonge hata damu ikiwa safi

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana miaka 38, ni fundi seremala hapa Morogoro. Mwaka jana alikonda sana, usiku analowa jasho, tumbo limejaa upande wa kushoto. Chembe nyeupe za damu zilikutwa 280,000 na baadaye tukaambiwa ni saratani ya damu inayoitwa CML. Anameza imatinibu miligramu 400 kila siku. Sasa ana nguvu, bandama imerudi, na kipimo cha damu cha mwezi uliopita kimetoka cha kawaida kabisa. Ila ngozi ya uso imeanza kupauka, na ndugu wanasema dawa inamharibu, ameshapona, aache. Daktari wake alituambia kuna protini imekwama, haizimiki. Ni protini gani hiyo? Kaipata wapi? Sisi ndugu zake na watoto tunaweza kuipata? Na kama damu ni safi, kwa nini aendelee? Mke wake naye anauliza kama wanaweza kupata mtoto mwingine.

JIBU: Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza. Kabla ya yote: kaka asiache kidonge. Hata wiki moja, hata kama anajisikia mzima kuliko alivyokuwa kabla ya kuumwa. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu "usiache" peke yake haishindi kikao cha ukoo. Mtu anayejua dawa inafanya nini ndani ya mwili wake anakuwa na la kuwajibu ndugu wakikaa.

Tuanze na hiyo protini.

Seli ya mwili haigawanyiki kwa kuwa tu imeshiba. Inasubiri kuamriwa. Amri hutoka nje: seli nyingine hutoa kemikali, kemikali hiyo hunasa kwenye kipokezi kilichojipachika kwenye utando wa seli, kipokezi hubadilika umbo upande wake wa ndani na kuiamsha protini iliyo karibu, hiyo huiamsha ya pili, ya pili ya tatu, mpaka habari inafika kwenye kiini cha seli na jeni za kukua zinafunguliwa. Hizi protini zinazopokezana habari ndizo tunaziita protini za ishara. Nyingi kati yake ni vimeng'enya vya kundi la kinesi. Kinesi huchukua fosfeti moja kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kuipachika kwenye protini nyingine. Mara nyingi fosfeti ikishapachikwa, protini ile inaamka. Vimeng'enya vingine vikija kuing'oa, inalala. Binadamu ana kinesi zaidi ya 500 za aina mbalimbali, na kila sekunde ndani ya mwili wako fosfeti zinapachikwa na kung'olewa bila wewe kujua.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwili mzima huenda hivyo. Ukijikata kidole, seli za jirani na kidonda huitwa kugawanyika. Kidonda kikifunga, wito unakoma. Na haukomi kwa kufifia wenyewe: kuna protini ambazo kazi yake yote ni kuunyamazisha. Saratani nyingi huanzia hapo, mbiu inalia na jambo halipo. Seli inaambiwa "gawanyika, gawanyika, usife", wakati hakuna kidonda cha kuziba wala damu ya kufidia.

Kwa kaka yako, protini isiyonyamaza inaitwa BCR-ABL, na historia yake ni kati ya historia ninazozipenda kuliko zote katika tiba, kwa sababu watu waliifuata hatua kwa hatua kwa miaka 40 mpaka ikazaa kidonge. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi Philadelphia, Marekani, waliona kwamba seli za wagonjwa wa CML zina kromosomu moja, yaani moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ndogo isivyo kawaida. Ikapewa jina la mji huo, na mpaka leo kwenye faili la mgonjwa utakuta imeandikwa kromosomu ya Philadelphia. Kilichopungua kilikwenda wapi? Jibu lilikuja mwaka 1973 kutoka kwa Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alilinganisha picha za kromosomu moja baada ya nyingine na kuona kwamba hakuna kilichopotea. Kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande.

Mahali zilipounganika upya ndipo balaa lilipozaliwa. Kwenye kromosomu ya 9 kuna jeni ya ABL, ambayo wewe unayo na mimi ninayo, na inatengeneza kinesi ya kawaida yenye adabu. Ikiwa nzima, ABL hujifunga yenyewe: ncha yake ya mwanzo ina mkia mdogo wa mafuta unaojikunja na kuingia kwenye kishimo cha protini hiyohiyo, ikakaa imefungwa mpaka iitwe. Kromosomu zilipokatika, ncha ile ilibaki nyuma. Badala yake ABL ikapachikwa kipande cha jeni nyingine, BCR, kutoka kromosomu ya 22. Na kipande hicho kina tabia ya kushikana na wenzake, kwa hiyo protini mpya hukusanyika nne nne, zikigusana na kuamshana zenyewe kwa zenyewe. Kufuli imeondoka na juu yake kuna kinachoichochea usiku na mchana. Daktari wenu aliposema imekwama, ndicho alichomaanisha.

Ikishakwama, BCR-ABL hutuma habari kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Kupitia protini ya RAS inaamrisha kugawanyika. Kupitia PI3K inazuia seli isife kwa wakati wake. Kupitia STAT5 inafungua jeni zinazoendeleza ukuaji huo. Vilevile inalegeza kushikana kwa seli ndani ya uboho, zikatoka kwenda kwenye damu kabla hazijakomaa vizuri. Ndiyo sababu kaka alikuwa na chembe nyeupe 280,000 katika kipimo ambacho mtu mzima huwa na kati ya 4,000 na 11,000. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja damu, ilijaa chembe hizo ikavimba. Lile tumbo la kushoto lilikuwa hilo. Jasho na kukonda vilitokana na mwili kuchoma nishati nyingi kulisha jeshi lisilo na kazi.

Sasa swali lako la pili, kaipata wapi. Hakuipata popote, dada. Kukatika huko kwa kromosomu hutokea ndani ya seli moja tu, seli shina ya damu iliyoko kwenye uboho, wakati inajigawa. Seli hiyo moja ndiyo iliyozaa nyingine zote zenye kasoro. Sababu ya nje inayojulikana wazi ni mionzi mikali: manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945 walipata CML zaidi ya watu wengine. Lakini wagonjwa walio wengi hawajawahi kukutana na mionzi ya namna hiyo, na hakuna chakula, kinywaji, gundi ya mbao wala kosa la mtu ninaloweza kukuonyesha kidole. Nasema hivi makusudi. Katika familia zetu mgonjwa wa saratani huishia kubeba maradhi na lawama pamoja, au lawama inatupiwa jirani au mke. Kromosomu hukatika bila kutumwa na mtu.

Kuhusu ninyi ndugu na watoto, kuweni na amani. Kasoro iko kwenye seli za damu, haiko kwenye mbegu za uzazi, kwa hiyo hairithishwi. Wameshapimwa mapacha wa kufanana, walioshirikiana kila kitu tumboni mwa mama, na mmoja akawa na kromosomu ya Philadelphia kwenye damu, mwenzake hana. Wala haiambukizi kwa sahani, kitanda, wala tendo la ndoa. Hakuna haja ya ukoo mzima kwenda kupima.

Nije kwenye dawa.

Kwa muda mrefu mgonjwa wa CML alikuwa akipewa dawa za kupunguza wingi wa chembe tu, na ugonjwa uliendelea chini kwa chini. Baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi uligeuka kuwa lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda mbio, ile hatua tunayoiita mlipuko, na hapo maisha yalibaki miezi. Wachache wenye ndugu anayelingana naye walifanyiwa upandikizaji wa uboho, nao ulikuwa na hatari zake. Miaka ya 1990 wanakemia wa kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Novartis, walitengeneza molekuli inayoingia kwenye kishimo kingine cha kinesi, kile ambacho ATP hukaa. Nicholas Lydon alikuwa upande wa kampuni. Brian Druker, daktari wa Oregon, Marekani, ndiye aliyeshikilia kwamba ijaribiwe kwa wagonjwa wa CML wakati wengi hawakuona faida ya dawa ya ugonjwa wa watu wachache. Majaribio kwa binadamu yalianza Juni 1998. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi kuwa ya kawaida. Na hao walikuwa wagonjwa ambao matibabu ya awali yalikuwa yamewashinda. Mei mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa. Wale walioanza nayo katika utafiti mkubwa uliofuata walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10, na asilimia 83 hivi walikuwa hai mwaka wa kumi. Ugonjwa uliokuwa ukimaliza mtu ndani ya miaka mitano umegeuka kuwa wa kuishi nao, kama kisukari.

Angalia kidonge kinafanya nini, maana jibu la kikao cha ukoo liko hapa. Imatinibu inakaa mahali pa ATP. Kinesi ikikosa ATP haina fosfeti ya kupachika, amri haitoki, na seli zilizokuwa zikiishi kwa amri hiyo zinakufa kwa wingi. Ndiyo maana damu ilisafishika kwa wiki chache. Lakini imatinibu haigusi kromosomu. Jeni iliyounganika vibaya ingali palepale, na ndani ya uboho zimebaki seli shina chache zenye kasoro ambazo hazitegemei BCR-ABL ili ziishi. Dawa haiziui. Zinakaa zimetulia. Siku dawa ikikosekana, watoto wa seli hizo wanazaliwa na protini iliyo huru, na hesabu inaanza upya. Nusu ya dawa hutoka mwilini kwa saa 18 hivi. Ndiyo sababu ni kila siku, wala si kila Jumatatu.

Hapo ndipo ndugu wanapochanganya mambo, na siwalaumu. Kipimo cha kawaida cha damu kinahesabu chembe tu. Kinaweza kusema kila kitu ni sawa wakati mamilioni ya seli zenye kasoro bado zimo. Kipimo kinachoiona BCR-ABL yenyewe ni kingine, kinatafuta ujumbe wa jeni hiyo kwenye damu na kutoa jibu kwa asilimia. Tunatazamia ishuke hadi asilimia 10 au chini baada ya miezi mitatu, asilimia 1 au chini baada ya miezi sita, na asilimia 0.1 au chini ikifika mwaka. Hili naomba ulibebe kama swali kwenda nalo kliniki: "BCR-ABL ya kaka ni asilimia ngapi, na itapimwa tena lini?" Mashine ya GeneXpert, hiyohiyo inayopima kifua kikuu katika hospitali zetu nyingi, ina katriji yake ya BCR-ABL. Si kila penye mashine pana katriji, lakini uliza. Wakati mwingine sampuli hupelekwa kwenye hospitali kubwa.

Kuna utafiti mmoja wa London, wa mwaka 2010, ambao ningependa kila mgonjwa wa CML ausikie. Wagonjwa 87 waliokuwa wakimeza imatinibu kwa miaka waliwekewa chupa zenye kifuniko kinachorekodi kila kinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, uwezekano wa kufikia ile asilimia 0.1 ndani ya miaka sita ulikuwa asilimia 94 hivi. Waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo, uwezekano ulishuka hadi asilimia 28. Asilimia 90 maana yake ni kukosa siku tatu tu kwa mwezi. Watu wanadhani kuruka vidonge ni kuacha kwa miezi. Hapana, ni Ijumaa ya harusi, ni wikiendi ya safari, ni siku ambayo dawa iliisha na nauli ya kwenda kuchukua nyingine haipo.

Kuna hatari ya pili. Kila seli yenye kasoro inapogawanyika hubahatisha kosa jipya. Likitokea kosa linalobadilisha umbo la kile kishimo, imatinibu haitoshi tena kuingia. Lijulikanalo sana linaitwa T315I: katika nafasi ya 315 ya protini, tofali moja la kuijenga, liitwalo treonini, limebadilishwa na jingine liitwalo isolusini, na mlango umezibwa. Seli zikiachwa zigawanyike nusu zikidhibitiwa nusu zikiachiwa, unazipa nafasi nyingi zaidi za kukosea namna hiyo. Zipo dawa za ngazi ya pili, dasatinibu na nilotinibu, na kwa T315I ipo ponatinibu. Kuna mpya inayonivutia kwa namna ya pekee, asiminibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021: badala ya kugombania nafasi ya ATP, inaingia kwenye kile kishimo ambacho mkia wa mafuta uliopotea ulikuwa unakaa, na kuirudishia ABL kufuli yake ya asili. Lakini dawa hizi ni ghali na kuzipata kwetu ni kazi. Iliyo mkononi ndiyo ya kuitunza.

Kuhusu kuipata hiyo imatinibu, yapo mambo mema ya kusema. Mwanzoni bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa karibu kila mtu Afrika, na wagonjwa wa Kenya na Tanzania walioishi katika miaka hiyo waliishi kwa sababu ya mpango wa msaada wa Novartis na Max Foundation uliotoa dawa bure kupitia hospitali maalumu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia Novartis hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ya dawa hiyo, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kidonge cha kiwandani cha India kikiwa kimesajiliwa nchini ni dawa halali. Asikatishwe tamaa na mtu anayesema "ile ya kizungu" ndiyo inayofanya kazi.

Ngozi, sasa. Umeuliza kitu ambacho kwa kweli ni sehemu ya somo hilihili. Imatinibu haiingii kwenye ABL peke yake. Inaingia pia kwenye kinesi nyingine chache zenye kishimo kinachofanana, na mojawapo ni kipokezi kinachoitwa KIT. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinahitaji amri ya KIT ili ziishi na kufanya kazi. Kuna watu huzaliwa na KIT yenye kasoro, utawaona wana bato jeupe kwenye paji la uso na nywele nyeupe juu yake tangu utotoni. Kaka yako KIT yake ni nzima, ila dawa inaibana kidogo, na rangi inapungua. Kwa watu weusi inaonekana haraka zaidi, hasa usoni. Haina maana kwamba ngozi inaoza wala kwamba amepata ugonjwa mwingine, na mara nyingi rangi hurudi dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa kwa sababu nyingine. Avae kofia pana kazini juani na amwonyeshe daktari wake. Asijipunguzie dozi kwa ajili ya rangi. Na kubanwa huko kwa KIT kuna upande wake mzuri: kuna uvimbe wa tumbo na utumbo uitwao GIST unaoendeshwa na KIT iliyokwama, na kidonge hichohicho huutibu.

Kuvimba macho asubuhi, kubana misuli na kichefuchefu navyo ni vya dawa. Ameze pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kichefuchefu kitapungua sana.

Jambo moja ninalolihofia zaidi ya ngozi: dawa nyingine. Imatinibu huvunjwavunjwa na ini, na kuna dawa zinazolifanya ini liivunje upesi kupita kiasi. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza imatinibu mwilini kwa karibu robo tatu. Mgonjwa anameza kila siku, na ni kama anameza robo ya kidonge. Efavirenzi, dawa ya VVU, nayo inaelekea huko. Kinyume chake, balungi huzuia ini lisiivunje na dawa inazidi. Kwa hiyo kila atakapokwenda kutibiwa chochote, aseme kwanza anameza imatinibu. Na mitishamba: najua mmeletewa, kila familia huletewa. Sina vita na dawa za asili, lakini chupa ambayo hakuna ajuaye yaliyomo inaweza kufanya kwa ini kile inachofanya rifampisini, na hatutajua mpaka BCR-ABL ipande.

Pengine utajiuliza kwa nini saratani zote zisipewe kidonge cha namna hii. Ni kwa sababu CML ikiwa changa huendeshwa na protini moja. Saratani nyingi nyingine huwa zimeharibika mahali pengi kwa pamoja. Katika saratani ya kongosho, RAS imekwama kwa wagonjwa takriban tisa kati ya kumi, na pamoja nayo p53, protini inayotakiwa kuisimamisha seli yenye kasoro, mara nyingi imekufa. Ukiziba njia moja, habari inapita nyingine. Hata hivyo wazo lilelile limefika mbali. Karibu mwanamke mmoja kati ya sita wenye saratani ya titi ana kipokezi cha HER2 kilichozidi, na kuna dawa ya sindano inayokizuia. Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mchango wetu katika elimu hii: uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, baadaye ulionyesha kwamba kipande cha kromosomu ya 8 kilihama na kuibeba jeni ya MYC, protini inayopokea habari mwishoni mwa mnyororo, kuipeleka penye jeni za kingamwili zisizolala. Kukatika na kuungana vibaya, kama kwa kaka, ila mahali pengine.

Je, atameza maisha yake yote? Huenda ikawa si lazima. Watafiti wa Ufaransa waliwasimamisha dawa wagonjwa 100 ambao BCR-ABL yao ilikuwa haionekani kabisa kwa zaidi ya miaka miwili. Baada ya mwaka, takriban 40 walikuwa bado wako salama bila dawa. Kwa waliobaki ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, na waliporudishiwa dawa walitulia tena. Lakini ona masharti: miaka kadhaa ya kumeza bila kukosa, kipimo cha BCR-ABL kilicho chini sana kwa miaka miwili au zaidi, na baada ya kuacha, kipimo kila mwezi ili ugonjwa ukirudi ukamatwe mapema. Kaka ana mwaka mmoja tu. Waambieni ndugu kwamba kuacha dawa kunawezekana siku moja, kwa mpango wa daktari na vipimo mkononi, na kwamba njia ya kuifikia siku hiyo ni kumeza leo.

Kuhusu mtoto: mwanamume anayemeza imatinibu anaweza kuzaa. Watoto waliozaliwa na baba walio kwenye dawa hii hawajaonekana kuwa na kasoro zaidi ya watoto wengine, na haimlazimu kuiacha ili mke apate mimba. Ingekuwa mke ndiye mgonjwa ningesema tofauti kabisa, kwa sababu imatinibu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwanamke hatakiwi kushika mimba akiwa anaimeza bila kupanga na daktari wake kwanza. Wifi yako ni mzima, kwa hiyo wakipenda wapate. Ila vidonge viwekwe juu, watoto wasivifikie.